Flashi ya Kuwashia

Fundi alikuwa amefura kama chura. Mezani pake palikuwa na kompyuta ya dada yake mwalimu, iliyogoma kuwaka tangu jana, na ndani yake alama za mtihani wa vitendo za wanafunzi arobaini na mmoja. Zisipofika ofisi ya mitihani kabla ya saa sita mchana, wote wanaandikiwa sifuri. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na dada mtu kakaa kwenye stuli, mkoba mapajani, akiitazama saa. Kutazama huko kulimuudhi fundi kuliko kelele.

Dawa aliijua. Alikuwa na flashi yenye mfumo wa Linux: unaichomeka, kompyuta inawakia humo bila kutegemea diski yake, unanakili mafaili, basi. Leo maandishi yaliteremka kwenye skrini, kisha yakakwama. Mfumo ulisema hauoni mahali mafaili yake yalipo. Umetoka kwenye flashi, na flashi hiyohiyo hauioni.

Akahamisha tundu. Wapi! Akazima, akawasha. Akachomoa hata diski ya dada yake, huenda ndiyo inayoleta mkorogo. Yaleyale.

Hapo akamgeukia mkewe, aliyekuwa akifungua redio meza ya pili, mwenzake wa duka lile kwa miaka tisa. Akamwambia, mbele ya wifi yake, kwamba flashi ilikuwa nzima mpaka yeye alipozipangapanga flashi zote wiki iliyopita, na kwamba mkono wake ukigusa kitu lazima kioze.

Mke aliweka bisibisi chini. Akamtaka aiulize kompyuta inaona flashi gani. Fundi akaandika amri, vidole vikigonga kama nyundo. Jibu likaja: flashi ipo, inaitwa FUNDI.

"Na yenyewe inatafuta inayoitwaje?"

Fundi akasoma mistari ya juu. Ilikuwa inatafuta jina ililopewa siku ilipotengenezwa. Ingetafuta mpaka kiama.

"Nani alisema kila flashi humu ipewe jina la mwenyewe?"

Karatasi ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wa fundi mwenyewe, imepigiwa mstari mara mbili: isiyo na jina naitupa. Aliibandika siku yeye na mkewe walipogombea flashi isiyojulikana ni ya nani. Mkewe alitii tu, wiki iliyopita akazibadilisha zote majina kwenye kompyuta.

Akairudisha diski, akawasha upya. Kwenye ukurasa wa mwanzo, katika mstari unaotaja flashi ya kutafutwa, akafuta jina la zamani, akaandika FUNDI. Maandishi yakateremka, yakapita. Saa tano na robo alama zote zilikuwa zimetumwa.

Mwalimu akainuka. "Mdogo wangu, watoto wa watu umewaokoa. Ila huyu umemdhalilisha mbele yangu, na si yeye aliyekosea." Akamshika wifi yake bega, akaondoka.

Fundi akachukua kalamu, akaongeza chini ya karatasi: isipokuwa flashi ya kuwashia.

"Umemaliza?" mkewe akauliza, bila kuinua macho.

Hasira ikampanda tena, na safari hii hakuwa na wa kumtupia. Akaibandua karatasi, akaikunja, akabaki nayo mkononi, akitafuta neno ambalo miaka tisa hakuwahi kulisema humo dukani.