Mjane wa Kwenye Filamu

Mtendaji wa kijiji alimfuata Mwatumu kwa pikipiki mpaka katikati ya shamba, akakanyaga mihogo michanga, kisha akamwambia filamu imefika na wageni wanamsubiri. Mwatumu akasema amalizie kwanza mstari aliokuwa akipalilia. Mtendaji akamjibu kwamba wageni hawasubiri mihogo. Basi akaacha jembe chini ya mchungwa, akanawa miguu, akajitanda khanga yake mpya, akashika njia ya Mashewa huku akinung'unika.

Wageni hao aliwajua. Kiangazi cha mwaka jana alikuja binti mmoja kutoka Dar, Edna, na kamera yake, akitafuta wanawake wa vijijini walioguswa na vita vya waasi. Huku Korogwe vita hivyo watu huvisikia redioni tu. Mwatumu alikuwa amevikimbia kwa miguu yake. Yeye na mumewe Zaidi walivuka Ruvuma kwenda kuuza mitumba upande wa Msumbiji, na alfajiri moja waasi wakaingia kijijini wakichoma nyumba. Wakakimbilia porini wameshikana mikono, na katika msukumano wa watu mkono wa Zaidi ukaponyoka. Hakumwona tena. Alimsimulia Edna yote hayo akalia, na Edna naye akalia, wakaagana kwa uzuri.

Tangu arudi, Mwatumu alishikilia neno moja: Zaidi hajafa. Maiti yake hakuna aliyeiona. Kwa hiyo hakukaa eda, na shamba la Zaidi aliendelea kulilima yeye na binti yao Husna, maana ndilo lililowalisha. Shemeji yake Sadala, mdogo wake Zaidi, hakuchoka kuuliza mirathi itagawanywa lini, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba aliye hai harithiwi. Wazee wa msikitini wakamuunga mkono Mwatumu, wakasema mtu asubiriwe. Sadala akanyamaza, ila ni ule unyamavu wa paka aliyekaa mbele ya tundu la panya.

Filamu ilionyeshwa darasani, madirisha yamezibwa kwa maturubai, joto halisemeki. Mwatumu aliketishwa kiti cha mbele, akainuliwa alipofika mgeni wa wilayani, akaishia kujibana kwenye dawati la watoto, magoti yamegota kwenye mbao. Yeye ndiye mwenye kisa, na hata pa kukaa alikosa.

Mara akajiona ukutani, mkubwa kama nyumba. Midomo yake ilikuwa inakwenda, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mwingine, laini, ya kutangazia redioni, inasema Kiswahili ambacho Mwatumu hajapata kukisema maishani. Kumbe wamemfuta sauti yake, wakampachika ya mtu. Chini ya kidevu chake yakatokea maandishi: Mwatumu, mjane.

Sadala, aliyekaa dawati la nyuma yake, akainama sikioni mwake.

"Pole na msiba, shemeji. Kumbe ulikuwa unatuficha."

Filamu ilipokwisha Mwatumu alimwendea Edna palepale kwenye mashine yake ya kuonyeshea.

"Mwanangu, nani kakwambia mimi mjane?"

"Si ulisema mwenyewe, mama? Nimekurekodi. Ulisema, 'Mume wangu nilimpoteza.'"

"Ndiyo, nilimpoteza. Kama unavyompoteza mtu mnadani. Ndiyo nikawa namtafuta."

Kwa akina Edna mjini siku hizi mtu akisema amempoteza baba yake, wenzake humpa pole na kuuliza mazishi ni lini. Kwa Mwatumu kilichopotea hutafutwa, ama mbuzi ama mume.

Mwatumu akamwomba alifute neno hilo. Edna akaeleza, kwa upole wote, kwamba haiwezekani, filamu ilishapitishwa na wafadhili, imeonyeshwa Arusha mpaka Nairobi, na watu wameipenda sana. Ni neno moja tu, alisema, ujumbe haubadiliki. Mwatumu akauliza ujumbe gani. Edna akasema ni kuwapa wanawake sauti. Mwatumu akamtazama asijue acheke au amzabe kibao.

Hajaamua, mtendaji akamletea kipaza sauti. Akamwelekeza ashukuru kwa kifupi tu, na mambo ya familia asiyaguse.

"Shikamooni wazee wangu," Mwatumu alisema. "Mnaonijua mnaijua sauti yangu, na ile si yangu. Waasi walinipotezea mume. Wageni hawa ndio waliomzika."

Mtendaji akamtoa kipaza sauti mkononi taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akatangaza kwamba mama yetu ana majonzi mazito, hivyo tumpigie makofi mjane wetu. Makofi yakapigwa. Hata wale wazee wa msikitini walipiga, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alirudi shambani jua bado kali. Sadala alikuwa ametangulia kwa bodaboda. Alishanyoosha kamba katikati ya mihogo na sasa anapigilia vigingi. Mwatumu akaokota jembe lake chini ya mchungwa, akaenda kuanzia pale alipoachishwa asubuhi. Akapalilia mpaka kwenye kigingi cha kwanza, akakichimbua pamoja na magugu, akaendelea.

"Shemeji, tusitafutane ubaya," Sadala alisema. "Hata filamu imesema."

"Basi kaiambie ije ipalilie."

Sadala akakiokota kigingi, akakipangusa udongo, akakirudisha kwenye shimo lake na kukigonga kwa jiwe. Mwatumu aliyasikia mapigo hayo nyuma yake bila kugeuka. Akafika mwisho wa mstari, akajifuta jasho kwa ncha ya ile khanga mpya, kisha akashika mstari wa pili, wa kurudi kule kule kwenye kigingi.