Chiriku Ndani ya Nailoni

Mwanangu akiingia chumbani asubuhi, kitu cha kwanza anachokitazama ni kipimajoto. Kimepigiliwa ukutani juu ya kichwa changu, kwa hiyo salamu yake hunipita juu kwa juu. "Shikamoo mama," anauambia ukuta, nami naitikia marahaba kwa niaba ya ukuta. Akisharidhika na namba aliyoiona, ndipo anashusha macho kuniuliza nimelalaje.

Humjibu kwamba nimelala na sweta mbili na soksi za mkewe. Anasema vizuri, mama, halafu anakwenda kazini.

Yeye ni fundi wa friji na viyoyozi, wenzake wanamwita Baridi. Chumba hiki, kabla sijaletwa mimi, kilikuwa cha santuri zake. Usidhani ni zile nyeusi tulizozijua sisi. Nyeusi hataki hata kuzisikia. Yeye hukusanya za rangi, zinazotengenezwa chache kwa makusudi, mia tatu au mia tano, kisha mtambo unazimwa na hazitengenezwi tena. Ana ya bluu yenye michirizi myeupe kama sabuni ya kufulia. Ana ya njano yenye madoa meusi, utadhani imetembelewa na nzi. Ana nyekundu ambayo, kwa maelezo yake, ukiiinua kwenye taa unaona vidole vyako upande wa pili. Nasema kwa maelezo yake kwa sababu nyingi hazijafunguliwa. Zimekuja zimevikwa nailoni ya kubana, na ndani ya nailoni zinakaa, zimesimama wima rafuni, kila moja na namba yake mgongoni kama mfungwa.

Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimtegea vitendawili wakati namwogesha. Kimoja nilikitunga mwenyewe: mgeni wangu ana maneno mengi, lakini hasemi mpaka akunwe mgongo. Akafikiri, akasema, "Ni baba." Tulicheka hadi maji ya beseni yakapoa, maana hakukosea sana. Jibu lilikuwa santuri. Leo ana wageni mia mbili na kitu, na hawakuni hata mmoja.

Mimi nililetwa hapa baada ya kupasuliwa goti. Mwezi mmoja tu, walisema. Kidonda kikaoza, nikapigwa sindano kali za kukausha usaha, na sasa ni mwezi wa tano. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, kile kingine ni chao, basi mimi na santuri tukawekwa pamoja. Dirisha limezibwa kwa sponji, na juu ya sponji kuna pazia zito, kwa sababu jua linafifisha rangi. Kuta tatu ni rafu. Njia iliyobaki ni nyembamba, fremu yangu ya kutembelea inapita kwa ubavu kama kaa. Kwenda msalani ni safari ya kupanga. Na kwa vile mkwe wangu anashona sare za shule sebuleni, na pasi yake ya mvuke inatoa unyevu, mlango nao unafungwa. Kinachobaki ni taa ya dari na muungurumo wa kiyoyozi.

Mwanangu si mtu mbaya, hilo nataka lieleweke. Ananinunulia dawa, ananikata kucha za miguu, ananinyanyua kama yai. Ila anatunza kila kitu kwa namna moja, na namna yenyewe ni kufunga.

Sasa nije kwa dada yangu.

Dada yangu, anayenifuata kwa juu, aliimba katika bendi kwa miaka mitatu kabla hajaolewa. Watu wa dansi walimwita Chiriku, kwa ile sauti yake nyembamba iliyokuwa ikiruka juu ya tarumbeta na kukaa huko. Walirekodi santuri moja. Nakala yetu marehemu mume wangu aliikalia siku tunahama, naye alikuwa mtu wa kilo tisini na tano, kwa hiyo hatukujisumbua kutafuta gundi. Dada akafariki. Sauti yake sijaisikia kwa miaka thelathini na minane. Uso naukumbuka, mwendo naukumbuka, hata harufu ya mafuta yake ya nywele. Sauti ndiyo imenitoka. Naita, haiji.

Mwaka jana watu fulani wa ng'ambo wakaitoa upya ile santuri, nakala mia tatu, rangi ya papai lililoiva. Mwanangu alikuwa juu ya paa la duka anafunga kiyoyozi zilipoanza kuuzwa simuni, na dakika kumi na moja baadaye zilikuwa zimekwisha. Alipata moja, namba mia mbili na kumi na mbili. Akaniletea mwenyewe, akaisimamisha kwenye kirafu mbele ya kitanda changu, jaladani dada yangu amesimama pembeni kabisa mwa bendi, mkono kiunoni. "Nimekuletea mama mkubwa," akasema, na macho yake yalikuwa na maji.

Nikamwambia haya, mweke aimbe.

Hapo ndipo nilipojua sheria yao. Wakusanyaji hununua mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kuweka. Ukiwa na moja tu, hiyo ni ya kuweka. Ukichana nailoni umeshaiua. Akaniomba nisubiri apate ya pili, na nikamwona kabisa kwamba ananiahidi kwa moyo mmoja. Nikasubiri. Kila juma ananiambia kuna mtu mahali fulani ana ya kuuza, na juma linalofuata yule mtu amebadili mawazo. Huku dada yangu ananitazama mkono kiunoni, kama alivyokuwa akinitazama nikichelewa kufunga viatu.

Kisha masikio. Nilianza kwa kutosikia simu ya mkwe wangu ikilia, halafu birika likipiga filimbi. Mkwe akanipeleka kwa daktari wa masikio, nikavalishwa vile vikombe vya kichwani, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa na kitufe changu mkononi nikingoja, kumbe milio ilishapita. Daktari akanionyesha karatasi yenye mstari unaoshuka kama ngazi. Alisema zile sindano za kidonda zimekula ndani ya sikio, na sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka. Nene zitabaki. Nikamuuliza zilizobaki zina muda gani. Akasema hawezi kusema, ila kama kuna kitu napenda kukisikia, nisikiweke akiba.

Mkwe wangu alimweleza mumewe jioni ile wakiwa mezani, nami nikaongeza langu. Akasikitika kwa dhati, chakula kikamshinda. Halafu akasema kuna mtu, safari hii ni wa uhakika, atajibu mwezi ujao.

Mtu anayelala chali miezi mitano anajua dari yake. Taa yangu ilikuwa ikijitazama kwenye nailoni ya dada, doa la duara, kama kifungo. Siku moja nikaona kifungo kimekuwa punje ya mchele. Wiki mbili baadaye punje imekuwa uzi. Nikajiburuta na fremu yangu hadi pale, nikapitisha kidole pembeni mwa jalada. Lilikuwa limebinuka. Nailoni ilikuwa inaendelea kujivuta polepole, na santuri ndani yake inafuata inakovutwa. Nilielewa mara moja, kwa sababu nesi wa kwanza alilifunga goti langu kwa kukaza vivyo hivyo, na asubuhi mguu ulikuwa kama gogo.

Nikamwambia mwanangu. Alitazama kipimajoto, akasema kwenye ubaridi huu haiwezekani. Nikamwambia asitazame kipimajoto, amtazame mama yake mkubwa. Akasema, kwa upole kabisa, "Usiiguse tu, mama. Nakuomba."

"Kitendawili," nikamwambia.

Alikuwa ameshika kitasa anatoka. "Tega."

"Kimefungwa kisife, kinakufa kwa kufungwa."

Akasimama. Akatazama rafu, akatazama sakafu, kote akatazama isipokuwa kitandani. "Sijui, mama. Chukua mji."

"Mji nitaupeleka wapi na goti hili? Nipe dirisha."

Akacheka, akanifunika blanketi hadi kidevuni, akafunga mlango.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nikamwita mkwe wangu nikamwomba mkasi. Alikuwa na pini tatu mdomoni. Alinitazama, akatazama kirafu, akazitoa pini moja moja na kuzichoma begani kwenye blauzi yake. Huyu naye ana miaka sita anapiga pasi mlango umefungwa. Akaleta mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Mama," akasema, "mimi sitaki kujua huu mkasi unakwenda wapi."

Lakini hakuondoka.

Nilikata upande wa chini. Nailoni iliachia kwa mlio ambao sikuusikia, nikauhisi tu vidoleni, na jalada likashusha pumzi. Ndani mlikuwa na harufu ya rangi mpya. Santuri ilitoka imebinuka kama sahani ya supu, lakini rangi, mtoto wa watu, rangi ile ilikuwa kweli papai. Mkwe akaiinua kwenye taa, uso wake wote ukawa wa machungwa. Akaiweka kwenye mashine ya santuri iliyo kando ya kitanda, akabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kisirukeruke, akashusha.

Nilisikia ngoma. Nilisikia gitaa zito likitembea, likipanda na kushuka kwa ule mbinuko, kama mtu mwenye goti bovu. Tarumbeta ilikuja nusu nusu. Nikakumbuka sasa hivi tarumbeta inanyamaza, anaingia. Tarumbeta ikanyamaza.

Hakuna aliyeingia.

Nikangoja. Nikamtazama mkwe wangu, na mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe kifuani, mdomo wazi kidogo, macho yanameremeta. Basi nikajua dada yangu yuko chumbani. Yuko hapo kati yetu anaimba, amemfikia huyu ambaye hakumzaa wala hakumjua, na mimi nimekaa nimefungiwa nje. Nikalaza shavu juu ya ule ubao wa mashine. Ngoma ikanigonga taya. Yeye hapana.

Sindano ilikuwa imefika katikati ya wimbo wa pili mlango ulipofunguliwa. Mwanangu alikuwa amerudi kuchukua geji ya gesi aliyoisahau. Akaona mkasi kitandani, akaona nailoni sakafuni na karatasi ya namba mia mbili na kumi na mbili imekatika katikati. Nilimtazama nikijiandaa.

Mkewe ndiye aliyesema. "Hamsikii. Mama hamsikii."

Nafikiri hata mwanangu alikuwa hajawahi kumsikiliza. Alisimama pale na geji yake, na nikaona uso unabadilika, kama ulivyobadilika wa mkewe. Alipoinama kuitazama santuri, akaona jinsi inavyocheza, akapeleka mkono aizime. Kisha hakuizima. Aliinyanyua sindano, akairudisha mwanzo, akapiga magoti kando yangu na kuweka mdomo kwenye sikio langu la kushoto, ambalo lina afadhali.

"Bado," akasema. "Bado. Haya, anaingia. Anasema, basi limeniacha."

Sauti ya mwanangu ni ya jenereta, imetoka kwa baba yake. Ilinifikia yote.

"Anasema, basi limeniacha, viatu viko mkononi. Anasema, kondakta usicheke, dada mdogo yuko nyuma."

Dada mdogo ni mimi. Basi lilituacha kweli, tulikimbia kweli, alivua viatu kwa sababu vilikuwa vya kuazima. Nilikuwa nimesahau kwamba aliutia mkasa wetu kwenye wimbo. Mwanangu aliendelea kunipitishia mstari mmoja baada ya mwingine, hajui kuimba, anasoma tu kama risiti, na mahali fulani katikati ya ule muungurumo wake nikaisikia. Sijui kama ilitoka kwenye santuri au ilitoka kichwani mwangu ilikokuwa imejificha. Nyembamba, juu, imekaa huko haitaki kushuka. Nilimshika mwanangu sikio, nikamwambia asinyamaze.

Walirudia mara nne. Kazini alichelewa.

Hakunigombeza. Jioni alichukua tochi akapita rafu hadi rafu, akiimulika nailoni moja moja kutazama kama doa ni kifungo au uzi. Nilimsikia akihesabu. Alitenga ishirini na tatu, akazilaza mezani, akakaa anazitazama mikono imefungwa. Mkasi ulikuwa karibu yake. Hakuugusa siku ile, na juma lililofuata alikuwa amekata mbili.

Mimi bado niko humu. Goti halijataka. Dirisha nimepewa nusu saa, saa moja asubuhi hadi saa moja na nusu, kabla jua halijageukia upande huu, na nililipata kwa kujadiliana kama sokoni. Naona ukuta wa jirani na kamba ya nguo. Ndege wapo, naona midomo yao inafunguka. Baadaye sponji linarudi, pazia linarudi, na kiyoyozi, ambacho sauti yake ni nene na haitaniacha kamwe, kinaendelea kuunguruma.

Ila asubuhi anapoingia, sasa ananitazama mimi kwanza. "Shikamoo mama," ananiambia, karibu kabisa na sikio la kushoto. Halafu ndipo anatazama kipimajoto.