Kikombe cha Mama Mutisya

Daktari alipomwambia Nzisa kwamba ana kisukari, Nzisa alimuuliza kama ana hakika hajachanganya karatasi za watu. Mwanamke mzima, Mama Mutisya wa kila mtu, mpishi wa kila harusi na kila matanga mtaani Kaloleni kwa miaka ishirini, leo aambiwe chakula ni adui yake? Alitoka kwa daktari amenuna, akaingia kwa nesi bado amenuna.

Nesi akampangia mambo. Sukari, hapana. Soda, hapana. Mkate mweupe auage. Ugali usizidi ngumi moja.

"Ngumi ya nani?" Nzisa akauliza.

"Yako, mama."

Nzisa aliikunja ngumi yake, akaitazama, akamshukuru Mungu kwamba hakumpa mkono mdogo kama wa huyo nesi.

Lakini asikudanganye mtu, masharti aliyafuata. Aliyafuata kwa hasira, kama mtu anayemkomoa jirani. Alisema ugonjwa usio na miguu wala mikono hautamtoa yeye jikoni. Ugali akaupunguza, sukuma na maharagwe akaongeza, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, aliyozoea kuila kwa sinia akaipima kwa kikombe. Saa nne asubuhi ilipofika alikula kipande chake cha nduma, hata kama ibada iko katikati. Mchungaji anaomba, yeye anatafuna, na anayetaka kumkodolea macho amkodolee.

Tabu ilikuwa chai. Chai ya kwetu haimbembelezi mtu. Maji, maziwa, majani na sukari vyote hutiwa sufuria moja vikachemka pamoja, na ukishapewa kikombe sukari imo, utaitoa na nini? Basi kila Jumatano, kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, Nzisa alikuja na chupa yake ya chai na kikombe chake cha bati. Aliyeuliza aliambiwa, "Nimeamua tu." Aliyejua ukweli ni mumewe Mbaluka peke yake. Nzisa aliwajua wenzake: ukiwaambia unaumwa, kesho wamejaa sebuleni na uji na nyimbo za kukuaga. Hakutaka kuonewa huruma na mtu yeyote.

Miezi minne ikapita, kilo kumi na tano zikamtoka, sketi akawa anazifunga kwa pini. Na mwaka ule wa tisini na sita, jamani, kukonda Eastlands halikuwa jambo la kupongezwa. Kila wiki kulikuwa na matanga, na kila marehemu alikuwa "ameugua kwa muda mfupi". Ukimwi watu hawakuutaja kwa jina. Walisema mdudu, tena kwa sauti ya chini. Sasa hapa pana mwanamke anakonda, mumewe ni dereva wa lori la kwenda mpakani Malaba, analala njiani, na juu ya hayo anatembea na kikombe chake mwenyewe, hataki kuchanganya na wenzake. Kina mama walijumlisha, na jibu wakalipata wote pamoja.

Nzisa hakujua kitu hadi Anyango alipobisha mlangoni Alhamisi jioni. Anyango alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Huyo binti alikulia jikoni kwa Nzisa. Tangu binti akiwa na miaka mitatu, Nzisa alikuwa amemwambia mama yake, "Siku ya huyu, mwiko naushika mimi." Hakuna kitu alichokuwa akikingojea mwaka huo kama Jumamosi hiyo.

Anyango alikataa kiti. "Mama Mutisya, nimeona Jumamosi usijichoshe. Keti na wageni wa heshima. Lydiah atasimamia jiko."

Lydiah alikuwa mwenyekiti wa kina mama, na wali wake ulijulikana hadi Makadara kwa ubaya.

"Nimekukosea nini?" Nzisa akauliza.

"Hujanikosea. Ni watu. Wanasema hawatakula." Anyango alianza kulia. "Wewe mwenyewe umejitenga na kikombe chako. Ungeniambia mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi si mtu baki."

Nzisa alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, moto ulimpanda kutoka miguuni. Akaingia chumbani, akarudi na kadi ya kliniki, akaitupa mezani. Anyango akaisoma mara mbili, akijifuta macho kwa leso.

"Kisukari? Ni sukari tu?" Akaanza kucheka huku analia. "Asante Yesu, ni sukari tu. Kuja nayo Jumamosi, Mama Mutisya. Tutawaonyesha wote, wafunge midomo yao."

Nzisa aliona ni sawa kabisa. Usiku ule alilala vizuri kuliko miezi yote minne.

Jumamosi alifika uani nyuma ya ukumbi kabla jua halijapanda, kadi ameificha kifuani ndani ya blauzi. Sufuria kubwa tatu zilikuwa mekoni tayari. Kina mama kumi na wawili walikuwa wakimenya viazi, na mazungumzo yakakatika alipotokea. Lydiah alisimama katikati yao, mwiko mkononi.

"Mama wa bibi harusi ametueleza," Lydiah alisema, kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano. "Tumefurahi sana. Tuonyeshe tu hiyo kadi, ili kila mtu ajionee, kisha kazi iendelee."

Nzisa alipeleka mkono kifuani.

Wakati huo Winny, mwenzao wa kanisani, alikuwa akipita na ndoo ya maji kutoka bombani. Mumewe Winny, Sylvance, alikuwa ameugua kwa muda mfupi mwaka uliotangulia, na tangu azikwe hakuna aliyemruhusu Winny kushika chakula jikoni pale. Kazi yake ilikuwa kuteka maji na kuchochea kuni, na chai aliinywa pembeni, kwa kikombe walichomtengea. Hakuna aliyemwuliza kama anaumwa au haumwi. Winny aliitua ndoo, akamtazama Nzisa, akasema bila ubaya wowote, "Una bahati, Mama Mutisya. Wewe una kadi."

Akaichukua ndoo yake, akaenda zake.

Mkono wa Nzisa ulibaki kifuani. Aliyemnyang'anya Winny kisu mwaka jana alikuwa nani? Si Lydiah. Alikuwa yeye, Nzisa, tena kwa maneno matamu: "Usijichoshe, Winny, tusaidie na maji." Aibu ilimshika. Tangu Alhamisi alikuwa akililia haki yake, na wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna mwingine anayedai haki hiyohiyo pale bombani.

Akatoa mkono mtupu.

"Kadi ninayo," alisema, "lakini siionyeshi."

"Unasema?" Lydiah akauliza.

"Siionyeshi leo wala kesho. Nikiionyesha nitakuwa nimesema kwamba asiye na kadi ni halali yenu kumtenga. Mimi ndiye nilimtoa Winny jikoni hapa. Nilikosea, na ninamrudisha mimi mwenyewe. Asiyetaka kula cha mkono wetu, hoteli zimejaa Jogoo Road."

Anyango, aliyekuwa akisikiliza mlangoni mwa ukumbi, alimkimbilia, gauni lake la sherehe amelishika kwa mikono miwili lisiguse matope. "Usinifanyie hivi leo. Wageni mia tatu wanakuja. Toa kadi, mama, ni dakika moja tu."

"Harusi ni yako, Anyango. Ukisema niondoke, nitaondoka na sitakuchukia. Tutaondoka wawili, mimi na Winny. Lakini kadi haitoki."

Hakuna aliyemenya kiazi. Mafuta katika sufuria ya kwanza yalianza kutoa moshi, na Lydiah hakuyaona. Anyango aliyaona. Akamtazama Nzisa kwa hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyewekwa njia panda siku ya furaha yake, kisha akageuka akauchukua mwiko mkononi mwa Lydiah na kumpa Nzisa.

"Wali ukiungua," alisema, "sitaongea na wewe hadi nizikwe."

Mama wawili walifungua aproni wakaondoka, na Lydiah akawafuata. Wengine walibaki, baadhi kwa mapenzi, baadhi kwa umbea. Nzisa aliepua mafuta, akatafuta kisu kizuri kuliko vyote, akakipeleka bombani pamoja na karai la vitunguu.

Winny aliipangusa mikono yake kwenye sketi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akakipokea kisu. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kitunguu cha kwanza mkononi, asianze.

"Nikate aje?" akauliza.

"Vile ulikuwa unakata," Nzisa akamwambia.