Namba Kumi na Tisa Katika Taarifa ya Mwezi

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, Katibu wa Jumuiya ya Wenye Nyumba alifungua chumba kidogo kilichokuwa zamani banda la pampu, akafuta vumbi mezani kwa kitambaa chenye unyevu, akaketi kuandika Taarifa. Taarifa ilikuwa karatasi moja yenye kurasa mbili. Ukurasa wa mbele ulibeba habari za jamii: nani amehamia, nani amepata mjukuu, mbwa wa nani amepotea. Ukurasa wa nyuma ulibeba vikumbusho vya utunzaji: milango ya uzio ipakwe rangi kabla ya mvua, mifereji ya paa iondolewe majani, mapipa ya taka yasikae barabarani baada ya saa nne, na ua wa michongoma usipite kizingiti cha dirisha la mbele. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Kabla yake alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, akiyaandika maneno ya watu kama yalivyotoka vinywani mwao, bila kupunguza hata moja. Mgongo ulimuuma upande wa kushoto, na hakuona haja ya kumwambia mtu.

Mwezi huo nyumba namba kumi na tisa ilikuwa imezama safu ya nne ya matofali.

Ilikuwa nyumba ya wifi yake, mshonaji, mjane wa kaka yake. Ilizama wima, bila ufa wala kishindo, safu moja kila mwezi, siku Taarifa ilipotoka. Vikombe havikuanguka kabatini. Ndani kulikuwa kukavu. Wateja waliokuwa wakipanda ngazi mbili kufika barazani sasa walishuka mbili, wakapimwa viuno na mabega, wakaondoka.

Sababu haikuwa siri. Mwenyekiti wa Jumuiya, wa namba saba, alijenga nyumba ya wageni uani kwake, akauelekeza mtaro wa maji ya paa na ya bafu tatu katika kiwanja cha mjane, maana ndiko ardhi ilikoinamia.

“Mimi sikuiinamisha ardhi,” alisema alipoulizwa, na maneno hayo yalionekana kuwatosha wengi.

Katibu aliandika barua mara tatu kwa ofisi ya mji. Alijibiwa mara tatu kwamba mambo ya Jumuiya huanzia katika Jumuiya. Na katika Jumuiya kulikuwa na kanuni mbili: jambo ambalo halikuchapishwa katika Taarifa halizungumzwi mkutanoni, na Taarifa haichapishwi bila saini ya Mwenyekiti. Kwa hiyo kila mwezi Katibu aliandika, katikati ya ukurasa wa mbele, sentensi moja: Mtaro wa namba saba unamwaga maji katika namba kumi na tisa, na namba kumi na tisa inazama. Na kila mwezi Mwenyekiti aliikata kwa kalamu nyekundu, akitumia rula, kwa sababu alikuwa mtu nadhifu.

“Mama Katibu,” alimwambia mwezi ule wa nne, “habari ni jambo jipya. Hili la mtaro si uliniletea mwezi uliopita?”

“Nyumba imeshuka tena, Mwenyekiti.”

“Basi hilo ni la utunzaji. Geuza ukurasa.”

Akaugeuza yeye mwenyewe, akaongeza kwa mkono wake: Wenye nyumba wanakumbushwa kwamba mlango wa mbele sharti uonekane kutoka barabarani.

Mkaguzi wa Jumuiya, ambaye wote walimwita Mita kwa sababu hakuonekana bila mkanda wake wa kupimia, alifika namba kumi na tisa wiki hiyohiyo. Ua wa michongoma haukuwa umerefuka, ila dirisha lilikuwa limeshuka, na kanuni haikueleza ni kipi kati ya viwili hivyo kinachopaswa kusimama. Mita aliomba radhi, akaandika onyo. Mjane aliupunguza ua. Mwezi uliofuata aliupunguza tena. Mwezi wa sita dirisha la mbele lilipozama lote, Mita aliomba radhi kwa mara nyingine, na ua uling’olewa.

Siku hiyo Katibu aliingia kwa wifi yake kupitia dirisha la jikoni, lililojengwa juu zaidi, akianza na mguu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa haukunjiki vizuri.

“Pole pole, bibi harusi,” wifi yake alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. “Ukivunjika hapo nitakushonea nini? Sina kitambaa cha kukuenea.”

“Ningekuwa na wifi mwenye adabu, angenishika mkono.”

“Mwenye adabu aliolewa kwingine. Wewe ulipata mimi.”

Katibu aliketi juu ya marobota ya vitambaa. Nje ya dirisha la sebule udongo ulionekana safu kwa safu, mweusi juu, mwekundu chini, na mzizi mmoja mweupe umekatiza kioo kutoka pembe hadi pembe. Mjane alikuwa ameufungulia pazia.

“Hamia kwangu,” Katibu alisema. “Chumba kipo.”

“Na cherehani tatu? Na nyumba ambayo kaka yako aliinua tofali kwa tofali, mimi nikimchanganyia saruji? Sihami, wifi. Waondoe maji yao.” Alikata uzi kwa meno. “Nikuulize. Pale mahakamani uliandika maneno ya wezi, ya waongo, ya watu waliouana kwa sababu ya mbuzi. Hukuacha hata kikohozi. Yangu ni sentensi moja tu. Yamekushinda?”

Katibu aliinuka juu ya marobota. Alitoka kwa njia aliyoingilia, akapangusa udongo magotini.

Mwezi wa saba hakumpelekea Mwenyekiti karatasi. Aliichapisha Taarifa na sentensi yake, akatoa nakala thelathini na mbili, akazipitisha yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mchana huo mgongo haukumuuma, jambo aliloliona la ajabu kuliko yote ya mwaka ule.

Mkutano ulifanyika Jumapili. Wenye nyumba walikuja na nakala zao, na wengine walikuwa wamepiga mstari chini ya sentensi ile. Kutoka dirisha la ukumbi paa la namba kumi na tisa lilionekana limekaa juu ya nyasi kama kofia iliyosahauliwa, na hakuna aliyekana kwamba lilikuwa hapo. Mwenyekiti aliisoma karatasi pande zote mbili kwa utulivu.

“Haina saini,” alisema. “Kwa hiyo si Taarifa. Mwezi huu hatukuwa na Taarifa, kwa hiyo hatuna ajenda, na bila ajenda hatuna mkutano. Nawashukuru kwa kufika.”

Viti vilikunjwa. Mwalimu mstaafu wa namba ishirini na nne alimpita Katibu mlangoni.

“Taa yangu ya barabarani ilikuwa ukurasa wa pili, Mama Katibu,” alisema, bila ukali. “Miezi mitano nasubiri.”

“Samahani, Mwalimu.”

“Haya. Tusubiri tena.”

Wiki hiyo namba kumi na tisa ilizama safu tatu kwa mpigo, na paa likafuata. Mvua zilipokwisha, udongo ulikuwa umejifunga juu yake, na ukoka ukaota. Uliota mnene na sawasawa, wa kijani kibichi hata katika jua kali, kwa kuwa ulinyweshwa na bafu tatu asubuhi na jioni. Mita alipima kimo chake mahali kumi na mbili, akapata kipimo kilekile. Hapakuwa na ua wa kukatwa wala mfereji wa paa wa kuzolewa majani. Kamati ya Jumuiya ilikubaliana bila mtu kupinga. Katibu aliandika, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima Mwenyekiti alitia saini bila kugusa kalamu nyekundu.

“Hii sasa ndiyo habari,” alisema.

Katibu aliipeleka nakala ya namba kumi na tisa mwisho. Dohani ya jiko ilikuwa bado imechomoza shubiri moja juu ya nyasi. Aliinama kando yake, akasikia cherehani ikienda.

“Hodi.”

“Karibu, wifi. Usije ukaniangukia humu.”

“Wateja je?”

“Wananiteremshia vitambaa kwa kamba. Vipimo nakisia. Hawalalamiki.” Cherehani ilinyamaza. “Sentensi yangu ipo?”

“Haipo.”

Kisha cherehani ikaanza upya.

“Nisomee iliyopo. Miwani sijui nimeiweka wapi.”

Katibu alikunjua karatasi, akasoma kwa sauti ileile aliyoitumia mahakamani. Alisoma kwamba namba kumi na tisa imetangazwa kuwa bustani bora ya mwaka. Alisoma kwamba namba kumi na mbili wamepata mjukuu wa kike. Akageuza ukurasa, akasoma kwamba wenye nyumba wote wanakumbushwa kutokanyaga ukoka wa namba kumi na tisa.

Hapo alitazama miguu yake. Alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi barabarani, na kwa kuwa sasa dohani ilikuwa mbali, akapaza sauti, akaendelea na mapipa ya taka.