Kabati la Darasa la Tano

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, mwalimu mkuu alifungua kabati la chuma ofisini kwake, akafuta vumbi kwenye vishikwambi vya kusomea, vioo vikiwa bado na utando wa plastiki wa dukani, kisha akafunga kufuli. Kwa miaka miwili alifanya hivyo kila Jumatatu. Hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa.

Upande wa pili wa ukuta, mwalimu wa darasa la tano aliuliza, "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," kabati likajibu.

"Na wengine? Msiliachie kabati peke yake."

Vishikwambi vilikuwa vimesikiliza kupitia ukutani mpaka vikajua. Mwalimu alikuwa ameliandika kabati kwenye daftari la mahudhurio, chini ya majina ya watoto themanini na wanne.

Aliyemnyima mwalimu huyo raha ni mtoto wa dada yake, ambaye wenzake walimwita Sogea. Hakuona maandishi mpaka pua ikaribie chaki, kwa hiyo kigoda chake kilikaa mbele kabisa, chini ya ubao. Alikuwa amerudia darasa mara mbili. Baba yake alishasema: akifeli mtihani wa Ijumaa, shule basi.

"Nipe kimoja tu, mkuu," mwalimu aliomba. "Kinakuza herufi."

"Kikianguka je? Mtoto akianguka huinuka, mwalimu. Hicho hakiinuki."

Jumanne alikuja afisa wa elimu ofisini kwa mkuu kukusanya maoni ya walimu kuhusu teknolojia darasani. Kabla hajauliza lolote, kabati likasema, "Shikamoo. Sisi hatuoni ubao."

"Marahaba," afisa akajibu, kisha akashtuka hata kalamu ikamponyoka. "Hawaoni ubao? Tangu lini?"

"Miaka miwili," mwalimu mkuu akasema, macho chini.

"Miaka miwili! Wanafunzi hawaoni ubao, nanyi mnakunywa chai? Mna roho gani?"

"Hata mimi ninaye asiyeona," mwalimu wa darasa la tano akasema.

"Subiri, dada. Tumalize kwanza hili."

Jumatano fundi alikata kidirisha kwenye mlango wa kabati, akatia kioo. Kabati likahamishiwa darasani na kufuli lake, likawekwa mbele kabisa, chini ya ubao. Kigoda kikapelekwa nyuma.

Ijumaa maswali yaliandikwa ubaoni. Sogea aliinuka mara moja kwenda mbele.

"Mama mdogo, nisogee kidogo?"

"Rudi," akasema mwalimu mkuu, aliyekuwa akisimamia. "Unawaziba."

Alirudi. Alikabidhi karatasi yenye jina lake tu, kwa mwandiko mzuri. Kabati lilipata mia kwa mia.

Jioni mwalimu alijaza fomu ya afisa. Swali la mwisho liliuliza teknolojia imefikia wapi darasani kwake. Akaandika: "Imekaa mbele." Afisa alisoma, akaridhika, akapiga muhuri.

Jumatatu mwalimu aliita majina. Akafika kwa mtoto wa dada yake.

"Hayupo, Mwalimu," kabati likasema kwa adabu.

Akaandika hayupo. Kisha akauliza saba mara tisa.