Jina la Baba Siku ya Saraswati

...na kidole bado kiko juu ya kitufe, hakishuki, hakiinuki, nimefuta, Luh, umefuta herufi leo, siku ya Saraswati, mungu wetu wa kike wa elimu na maandishi, siku ambayo hata mtoto wa chekechea anajua kwamba hasomi, haandiki, hafuti mpaka sadaka ziishe, vitabu vyote vya nyumba viko mbele ya madhabahu chini ya kitambaa cheupe, majani ya mvumo ambayo Baba yako huchora maandishi juu yake hapo hapo, lakini kompyuta, nani huikumbuka kompyuta, niliamka nikaiwasha, nilitaka kumaliza mstari wa mwisho tu wa kitabu cha Baba ninachokihamishia humu, jina lake, I Ketut Sumanta ndiye aliyenakili, nimtumie kaka Gede picha amwonyeshe Baba pale hospitali kabla hawajamwingiza kupasuliwa saa tatu, na sasa ni saa tatu kasoro... sitaki kuangalia saa, "Luh! We Luh! Maua yako wapi?" Mama huyo, uani, "Nakuja, Mama!" siji, siwezi, ile herufi ta ya mwisho nilidhani nimeibonyeza mara mbili, nikafuta moja, kumbe ilikuwa hiyo hiyo moja, na Mungu wangu, humu ndani ya kompyuta hakuna herufi, kuna namba, kila herufi na namba yake, Baba alicheka nilipomweleza, "Umezipa herufi zangu namba za simu? Basi siku moja nitazipigia," na katika maandishi yetu ta hii huning'inia chini ya herufi na, machoni ni umbo moja, ndani ni namba tatu, ya na, ya ta, na katikati ile adeg-adeg, alama inayoua sauti ya herufi, imejificha hapo haionekani, nimeiondoa ta na muuaji ametokeza, huyo, ananing'inia mkiani mwa jina la Baba, Suman, limekatwa, niirudishe? kurudisha ni kuandika, niache? aingie kisuni na jina hili? nizime? sijahifadhi, utafutika ukurasa mzima, labda namba si herufi, labda haihesabiki, mbona basi kidole hakitoki, nilikuwa darasa la pili, siku kama hii, nikafuta herufi kwa mate, Baba hakunipiga, aliushika tu mkono wangu asubuhi nzima, mpaka sadaka zikaisha, mkono wake mkavu, una masizi ya kutilia herufi weusi... simu inatetemeka mkekani, Gede, "Wanamchukua sasa. Picha iko wapi?" "Luh, ubani unaisha huku! Mwanamke mzima hata mshipi wa ibada hujafunga!" "Nafunga, Mama!" uongo, sijafunga, daktari alisema uvimbe uko pabaya, alisema lini, wiki mbili sasa, kabla sijagusa kitufe chochote, nilimsikia, nikaenda kumnunulia Baba machungwa... naogopa hatatoka humo, na nataka sababu iwe ni mimi, iwe ni kidole hiki, maana kosa la kidole nitaliombea msamaha, nitaketi pale na Mama, niinue mikono, nilie, nisamehewe, lakini kama Saraswati hana hasira na mtu leo, kama ni uvimbe tu, na kisu tu, na mzee amelazwa chali anauliza binti yangu ametuma nini, "Luh!" kidole kiko pale pale, Mama anaita, na sasa ninachoogopa ni kwamba labda sikufanya kitu chochote.