Herufi Iliyochelewa

Tangu akiwa binti mdogo walimwita Chapchap, na jina halikumkosea. Alikula haraka, alisema haraka, na walipofungua na dada yake chumba cha kutengeneza katuni nyuma ya duka la viatu, haraka hiyo ndiyo iliyowaletea wateja. Dada yeye alikuwa mtu wa taratibu, tena mwenye sheria moja aliyoirudia mpaka ikamchosha mwenyewe. Maandishi yakiwa bado hai kwenye kompyuta, yaani unaweza kuyafuta na kuyaandika upya, yaachwe hivyo. Ukitaka kuyavunja ili kila herufi iwe mchoro wa peke yake, weka kwanza nakala iliyo hai. Chapchap alikubali kila mara, maana kukubali hakumchukulii mtu muda.

Ikaja kazi ya shangazi yao, daktari wa meno, aliyekuwa akifungua kliniki yake mwenyewe baada ya kuwatumikia wengine miaka nenda miaka rudi. Walimu wake wa zamani na madaktari wenzake wangehudhuria, baadhi kumpongeza na baadhi kuchungulia tu. Kuna waliomshauri atafute kampuni kubwa imtengenezee katuni ya kuonyeshwa ukutani. Akawajibu kwamba ana watoto wake, tena kazi wanaijua. Maneno hayo yalimwingia Chapchap moyoni, na tangu hapo hakutaka lolote ila shangazi asije akayajutia.

Na tusimnyime haki yake, katuni ilipendeza. Ilikuwa sentensi moja tu, herufi zikiingia kwa kuruka moja moja, kila moja ikijisugua kwa mswaki kabla ya kusimama mahali pake. Ili zicheze hivyo alizivunja, na nakala hai hakuweka. Maneno yenyewe manne, alijiambia, nani atayabadilisha? Dada alipoonyeshwa aliisifu miswaki. Kila aliyeonyeshwa aliisifu miswaki, na hakuna hata mmoja aliyesoma.

Wa kwanza kusoma alikuwa bibi mmoja aliyefika mapema asubuhi ya ufunguzi, shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kidevuni. Alikaa, akarekebisha miwani, akatazama ukutani, kisha akainuka polepole.

"Nitarudi siku nyingine, mwanangu," alimwambia Chapchap. "Mpeni pole daktari."

Chapchap aligeuka. Ukuta ulisema: Daktari wa meno anayekufa. Alikuwa ameila a moja ya mwisho ya anayekufaa, na shangazi wa watu, badala ya kuwafaa wagonjwa, akawa mahututi.

Alimrudisha bibi kitini kwa maelezo yasiyo na kichwa wala miguu, akafungua kompyuta. Maandishi yangekuwa hai, angebonyeza a, basi, imekwisha. Sasa hakuwa na maandishi, alikuwa na kundi la michoro iliyoshika miswaki. Dada alipoingia na maua na kumwona alivyo, alielewa. Hakumsuta hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Chapchap zaidi. Aliweka maua chini, akaenda chumba cha ndani kumshughulisha shangazi.

Chapchap alinakili a iliyokuwepo, akaipachika nakala hiyo mwishoni mwa neno. Lakini kompyuta iliipanga ile mpya nyuma ya zote, iingie sekunde kadhaa baada ya wenzake wote kusimama. Kuirekebisha kungemlazimu azipange upya herufi zote, na wageni walikuwa tayari mlangoni wakipeana mikono. Akaiacha. Machozi yalimlengalenga.

Shangazi alitoka na koti lake jipya jeupe, akawaomba wote watazame kazi ya watoto wake. Herufi zikaingia, zikajisugua, zikasimama. Daktari wa meno anayekufa. Mwalimu mmoja mzee akakohoa. Chapchap alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo kutoka pembeni ikaja a ya peke yake, mbio mbio, ikaruka, ikajisugua harakaharaka, ikajibanza mwishoni kabisa.

Kicheko kilianzia kwa yule mwalimu na kuenea viti vyote. Bibi alicheka huku amelishika shavu lake, akilalamika kwamba wanamuumiza. Shangazi alipangusa macho kwa mkono wa koti.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Nilikuwa nakufa, herufi moja imeniokoa."

Walimpigia makofi, na Chapchap akajikuta anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Wageni walipoanza kutawanyika, shangazi aliwaita mabinti wote wawili kando, akawakumbatia kwa nguvu. Kisha akawapa habari. Daktari mwenzake mmoja alikuwa ameifurahia kliniki hata akaamua palepale kuja kufanya kazi naye.

"Kwa hiyo iandike madaktari wa meno wanaokufaa," alimwambia Chapchap. "Ni herufi chache tu, au sio?"

Dada aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, mabega yakimtikisika.

"Chache tu, shangazi," Chapchap alijibu.

"Vizuri. Lakini ile a ya mwisho usiiguse. Iache ichelewe vilevile."